Kidole kilichotangulia nia

Kila mazungumzo kuhusu hiari, yaani uhuru wa mtu kuchagua, yanapoanza, haichukui muda kabla mtu hajasema: "Sayansi imeshathibitisha kwamba ubongo wako huamua kabla wewe hujaamua." Anayeitamka sentensi hiyo huitamka kama aliyefunga mlango na kutia ufunguo mfukoni. Ubongo ni nyama na umeme, nyama na umeme hufuata fizikia, basi wewe unayejiona dereva ni abiria tu uliyekalishwa kiti cha mbele.

Sentensi hiyo ina mzazi. Ilizaliwa na jaribio moja lenye vifaa vya kuhesabika, na ukilifungua jaribio hilo kipande kwa kipande unakuta kwamba kilichopimwa sicho kinachotangazwa. Kwa hiyo tuanze na nyaya, falsafa itatukuta njiani.

Mwaka 1965 Hans Kornhuber na Lüder Deecke, wakifanya kazi Freiburg, Ujerumani, walichapisha habari kwamba kabla mtu hajatikisa kidole kwa kupenda kwake, umeme unaosomwa juu ya ngozi ya kichwa huanza kusogea polepole upande wa hasi, sekunde nzima au zaidi kabla msuli haujajikunja. Tuliite wimbi la utayari. Wimbi lenyewe ni dogo, mikrovolti chache tu, nalo limezama ndani ya mtikisiko wa kawaida wa ubongo unaofika makumi ya mikrovolti. Kwa mkunjo mmoja wa kidole huwezi kuliona vizuri. Lazima urudie mara nyingi, uyapange marudio yote yakutane pale msuli ulipoanza kazi, kisha utafute wastani. Kumbuka hatua hiyo ya kupanga kwa kurudi nyuma. Ndiyo itakayoleta matata.

Benjamin Libet, mtafiti wa ubongo huko San Francisco, akauliza swali la wazi: kama ubongo huanza sekunde nzima kabla ya tendo, nia yenyewe humjia mtu lini? Ripoti yake ilitoka mwaka 1983. Mshiriki anaketi, elektrodi (kipande cha kunasa umeme) moja ikiwa utosini na nyingine kwenye mkono, juu ya misuli inayokunja kifundo. Mbele yake kuna kioo cha osiloskopu, kifaa cha kuonyesha umeme kwa mwanga, na humo nukta ya mwanga inazunguka duara kama mshale wa saa, ila mzunguko mmoja huisha kwa sekunde 2.56 badala ya 60. Duara limewekewa alama kama uso wa saa, kwa hiyo kila "sekunde" ya duara hilo ni kama milisekunde 43 za kweli. Maelekezo ni haya: acha nukta izunguke mara moja, kisha kunja mkono wakati wowote msukumo utakapokujia wenyewe, usipange mapema. Ukimaliza, sema nukta ilikuwa wapi ulipohisi msukumo. Unarudia mara 40.

Wastani ukatoka hivi. Tuuite mwanzo wa msuli sifuri. Wimbi la utayari lilianza milisekunde 550 kabla ya sifuri. Msukumo, kwa kauli ya washiriki wenyewe, ulikuja milisekunde 200 kabla. Libet hakuwa mzembe: aliwagusa ngozi kidogo kwa wakati anaoujua yeye, akawauliza kwa saa ileile waliguswa lini, akakuta wanawahisha kwa kama milisekunde 50. Akaondoa kosa hilo, nia ikasogea hadi milisekunde 150 kabla ya tendo. Pengo la milisekunde 350 au 400 kati ya ubongo na mwenye ubongo ndilo lililozaa ile sentensi ya mlango na ufunguo.

Libet mwenyewe hakuufunga mlango. Alisema kwamba kati ya kuhisi msukumo na kukunja mkono zinabaki milisekunde kama 100 hadi 200 ambazo mtu anaweza kuzitumia kuzuia. Nia isipoanzisha tendo, basi bado inayo kura ya turufu. Swali kama hiyo turufu nayo haitanguliwi na wimbi lake lilimfuata mpaka mwisho, na sidhani alilijibu vizuri.

Sasa yaliyoharibika. Kwanza saa. Mshiriki anatakiwa kutazama nukta inayokimbia na kuchungulia ndani yake kwa wakati mmoja, kisha akumbuke. Kumbukumbu hiyo si picha, ni makadirio yanayotengenezwa baada ya tukio. Mwaka 2009 William Banks na Eve Isham waliwachezea watu: walipobonyeza kitufe, mlio ulisikika milisekunde chache baadaye, kati ya 5 na 60, kana kwamba ndipo kitufe kilipobonyezwa. Kadiri mlio ulivyochelewa, ndivyo washiriki walivyosema nia yao ilikuja baadaye. Sauti iliyotokea baada ya tendo ilisogeza wakati wa nia iliyotangulia tendo. Kipimo kinachobadilishwa na jambo ambalo lilikuwa halijatokea hakiwezi kubeba hukumu nzito namna ile.

Kosa la pili ni zito zaidi, nalo limo kwenye kurudi nyuma. Mashine ilihifadhi marudio yaliyoishia kwenye mkunjo tu. Nyakati ambazo umeme ulisogea upande uleule na mkono usikunjwe hazikuingia kwenye daftari. Mwaka 2012 Aaron Schurger, Jacobo Sitt na Stanislas Dehaene walitoa maelezo ambayo ukishayaelewa huwezi tena kulitazama wimbi la utayari kwa jicho la zamani. Walisema: ubongo una kelele zake, yaani mitikisiko ya umeme isiyo na mpangilio, zinapanda na kushuka bila kukoma. Ukimwambia mtu akunje mkono "wakati wowote", bila sababu ya kuchagua sasa badala ya baadaye, kinachobaki kuamua wakati ni kelele yenyewe. Ikipanda ikavuka kizingiti, mkono unakunjika.

Hili linajaribika kwenye kompyuta yoyote, na ni heri ulijaribu kuliko kulisadiki. Andika programu fupi yenye namba moja, x, inayoanzia sifuri. Kila hatua ni elfu moja ya sekunde, tuiite dt, yaani 0.001. Katika kila hatua ongeza msukumo mdogo usiobadilika, 0.11 × dt. Ondoa kinachovuja, 0.5 × x × dt. Halafu ongeza kelele, ambayo ni namba ya nasibu yenye mtawanyiko wa kawaida (wastani sifuri, mkengeuko sanifu 1) ikizidishwa kwa 0.1 na kwa kipeuo cha pili cha dt. Siku x itakapogusa 0.3, hesabu kwamba mkono umekunjwa, weka kumbukumbu, anza upya. Fanya hivyo mara 1,000. Kisha chukua sekunde mbili za mwisho kabla ya kila mguso, zipange zikutane kwenye mguso, utafute wastani.

Utaona mchoro unaopanda taratibu, kisha kwa kasi, hadi kwenye kizingiti. Ni wimbi la utayari kwa sura na kwa mwendo, na ndani ya programu hakuna aliyejiandaa kwa lolote. Sasa ondoa kizingiti, yapange marudio yaleyale kuanzia mwanzo wake: mchoro unapanda hadi karibu na 0.22 (ambayo ni 0.11 kugawa kwa 0.5) na kutulia hapo. Mpando wa mwisho umeyeyuka, kwa sababu ulitokana na namna ya kuchagua vipande.

Wanaojaribu hukwama mahali pawili. Ukisahau kipeuo cha pili na kuzidisha kelele kwa dt peke yake, kelele inakuwa hafifu mno, x inatulia kwenye 0.22, haifiki 0.3 hata ukiiacha usiku kucha. La pili ni la hila: marudio yaliyogusa kizingiti kabla ya sekunde mbili kutimia yatupwe, la sivyo mpando wa kutoka sifuri utajichanganya na wastani wako, nawe utashangilia wimbi ulilolitengeneza kwa mikono yako.

Kwa usomaji huu, uamuzi ni ule wakati wa kuvuka kizingiti, nao unarudi jirani kabisa na zile milisekunde 150 au 200 ambazo watu walizitaja wenyewe. Pengo linafumbika. Lakini anayetaka kushangilia hapa kwa niaba ya hiari asubiri kidogo. Tendo lililoletwa na kelele si tendo huru hata chembe. Tulichokipata ni kwamba jaribio halikuonyesha ubongo ukipanga siri nyuma ya mgongo wa mwenyewe. Halikuonyesha mwenyewe akichagua pia.

Wala lisingeweza. Rudia kusoma maelekezo: usipange, ngoja msukumo uje wenyewe. Mtu ameambiwa aweke kando kila kinachofanya uchaguzi uwe uchaguzi, yaani sababu, kupima na kujali matokeo, halafu tunatangaza kwamba hatukumkuta akichagua. Kiswahili kinatusaidia hapa kwa maneno mawili tusiyoyatumia ipasavyo. Kuokota si kuchagua. Punje mbili zinazofanana ukichukua moja, umeokota. Ukiamua kuacha kazi, umechagua. Mwaka 2019 Uri Maoz na wenzake waliyaweka mambo hayo mawili kwenye chombo kimoja. Washiriki walibonyeza kitufe cha kushoto au cha kulia kati ya mashirika mawili ya hisani. Upande mmoja wa jaribio, uchaguzi wao ungeweza kuamua lipi lipewe dola 1,000. Upande mwingine mashirika yote mawili yangepata dola 500 kila moja, wabonyeze wanachobonyeza. Pale kitufe kilipokuwa hakina maana, wimbi la utayari lilijitokeza kama kawaida. Pale kilipokuwa na maana, halikuonekana kwa kiasi cha kutajika.

Haki itendeke kwa upande wa pili, maana ushahidi wake haukuishia kwa Libet. Mwaka 2008 John-Dylan Haynes na wenzake, wakitumia mashine ya kupiga picha mtiririko wa damu ubongoni, waliweza kukisia kama mtu atabonyeza kushoto au kulia hadi sekunde 7 kabla yeye hajajua. Habari hiyo ilizunguka dunia bila namba yake muhimu: ukisiaji ulifaulu kama asilimia 60, na sarafu inakupa 50. Hiyo ni dalili ya mwelekeo, kama vile anayekujua anavyoweza kukisia utaagiza nini. Kazi ya Itzhak Fried na wenzake ya mwaka 2011 ni ngumu zaidi kuipuuza. Wagonjwa wa kifafa waliokuwa wamewekewa elektrodi ndani ya ubongo kwa sababu za tiba walirudia jaribio la Libet, na seli 256 za eneo moja la ubongo zilitosha kutabiri tendo kwa zaidi ya asilimia 80, milisekunde 700 kabla ya wakati ambao mtu aliutaja. Bado huko ni kuokota na si kuchagua, na bado saa ni ileile. Ila nikisema kwamba namba hizo hazinisumbui nitakuwa nimedanganya. Na mwaka 2016 kundi la Berlin lililowashindanisha watu na kompyuta inayosoma wimbi lao lilikuta kwamba mtu anaweza kulizuia tendo hata wimbi likiwa limeanza, mradi zimebaki zaidi ya milisekunde 200 hivi. Baada ya hapo maji yameshamwagika.

Tuache kidole, tuje kwenye fizikia.

Mwaka 1814 mwanahisabati Pierre-Simon Laplace aliandika juu ya akili ambayo ingejua mahali na nguvu za kila chembe ya ulimwengu kwa wakati mmoja; kwake mustakabali ungekuwa wazi kama yaliyopita. Edward Lorenz, mtaalamu wa hali ya hewa, alionyesha mwaka 1963 kwamba hata mfumo uliofungwa kabisa na milinganyo yake unaweza kutotabirika kwa vitendo, kwa kuwa kosa dogo la mwanzo hukua haraka. Hilo halitoi hiari. Hali ya hewa haitabiriki na hakuna anayeilaumu kwa mvua.

Kisha wengi hukimbilia kwanta, fizikia ya vitu vidogo kabisa. Huko matukio kweli yana nasibu ndani yake, kwa kadiri nadharia inavyosomwa na wengi, na wapo waliotaka kuipandikiza hiari kwenye ufa huo. Ufa ni mwembamba mno. Mwaka 2000 mwanafizikia Max Tegmark alikokotoa muda ambao hali tete za kwanta zingedumu ndani ya ubongo wenye joto na majimaji: kati ya 10⁻²⁰ na 10⁻¹³ ya sekunde. Seli za neva hufanya kazi kwa sehemu moja ya elfu hadi sehemu moja ya kumi ya sekunde. Kabla seli moja haijapiga mara moja, hali hiyo imeshavunjika mara zisizo na idadi. Nasibu ya kweli ubongoni ipo karibu zaidi na kwa sababu za kawaida: kwenye sinapsi, maungio kati ya seli mbili za neva, ishara ikifika, kifuko cha kemikali hupasuka au hakipasuki, na katika sinapsi nyingi hakipasuki mara nyingi kuliko kinavyopasuka. Lakini hata ingekuwa nasibu ya kwanta tupu, ingetusaidia nini? Uamuzi uliotokana na kete si wangu zaidi ya ule uliotokana na mnyororo wa sababu. Huenda ni wangu kwa uchache zaidi.

Hapa ndipo neno lenyewe linapotupotosha. Tumezoea kusema sheria za fizikia, na sheria kwa kawaida ina mtunzi, ina askari, na ina mtu anayeitii akiwa angependa kufanya jingine. Ndiyo maana swali "je, sheria za fizikia zinatawala uchaguzi wetu?" linasikika kama habari ya uvamizi. Jiwe linaloanguka halitii. Hakuna alichotaka jiwe kikazuiwa. Wanaoandika kanuni badala ya sheria wamelenga vizuri zaidi, maana kanuni inaeleza vitu huenda vipi, haivisukumi kutoka nje. Kufikiri kwangu hakusukumwi na umeme wa ubongo wangu. Umeme huo, ukipita kwa mpangilio ule, ndio kufikiri kwangu.

Hoja nzito ya upande wa pili ilipangwa vizuri na mwanafalsafa Peter van Inwagen mwaka 1983. Yaliyotokea kabla hujazaliwa hayamo mikononi mwako. Kanuni za maumbile hazimo mikononi mwako. Kama tendo lako linafuata kwa lazima kutoka kwa hayo mawili, basi nalo halimo mikononi mwako. Hoja hiyo imefungwa sawasawa. Ninachokibishia ni lile neno "mikononi". Likiwa na maana ya uwezo wa kutenda vingine huku kila kitu kikiwa kilekile, atomu kwa atomu, basi sioni nani anauhitaji. Mama anamwona mtoto wake anakimbilia barabarani, gari linakuja, anamdaka. Uwezo wa kutomdaka, akiwa na upendo uleule, macho yaleyale na sekunde ileile, ungemfanya awe huru zaidi? Ungekuwa hitilafu, kama usukani unaogeuka wenyewe siku moja moja.

Uwezo tunaoujali ni mwingine: sababu ikibadilika, je, tendo lingebadilika? Huo unapimika, na unaharibika kwa njia zinazopimika. Mwaka 2003 madaktari wa Marekani waliripoti habari za mwanamume wa miaka 40, asiye na historia ya namna hiyo, ambaye alianza kuwa na tamaa za kingono kwa watoto. Alijua ni kosa, alisema hivyo, na hakuweza kujizuia. Akakutwa na uvimbe upande wa kulia wa ubongo, nyuma ya paji, juu ya jicho. Ulipoondolewa, tamaa ikaisha. Miezi ikapita, tamaa ikarudi. Picha zikaonyesha uvimbe umeota tena. Ukaondolewa tena, ikaisha tena. Kauli ya "shetani alinipitia" tunaicheka, na mara nyingi inastahili kuchekwa, ila hapa palikuwa na kitu cha kukiweka mezani na kukipima kwa rula.

Angalia lakini kisa hicho kinathibitisha nini. Ubongo wake kabla ya uvimbe ulifuata fizikia, wakati wa uvimbe ulifuata fizikia, na baada ya upasuaji ulifuata fizikia ileile. Kama kufuata fizikia ndiko kunakoiua hiari, kusingekuwa na tofauti kati ya nyakati hizo tatu. Tofauti ipo, nayo ni kama waya ulionyofoka: kujua kwake kulikuwa hakufiki tena kwenye breki zake. Ndiyo maana naona hiari ni jambo la viwango, kama kuona. Usingizi, ulevi, uraibu, umri, hofu, vyote huipunguza kwa namna ambazo fizikia ya ubongo inaweza kuzieleza, na hakuna hata kimoja kinachofanya kazi kwa kuongeza kanuni mpya za maumbile kichwani.

Kilichobaki ni kichekesho kidogo cha wanafizikia wenyewe. Nadharia ya mwanafizikia John Bell ya mwaka 1964 huruhusu kupima kama chembe mbili zilizofungamana (majibu yao ya vipimo huenda pamoja hata zikiwa mbali) hubeba majibu yao tangu mwanzo. Unachagua kipimo huku, mwenzako anachagua kule, mnalinganisha. Kipimo kimoja cha ulinganifu hakitakiwi kuzidi 2 ikiwa majibu yalibebwa, ilhali nadharia ya kwanta inaruhusu hadi kama 2.83. Majaribio huvuka 2. Lakini hesabu nzima inasimama, pamoja na mengine, juu ya sharti moja: uchaguzi wa vipimo usiwe umefungamana na chembe zenyewe. Kwa hiyo tarehe 30 Novemba 2016 watu kama 100,000 duniani walicheza mchezo wa kwenye simu na kompyuta, wakibonyeza 0 na 1 jinsi walivyotaka, na namba zao, zaidi ya milioni 97, zikatumwa kwenye maabara za mabara matano kuamua vipimo. Mwaka 2018 kundi jingine likawaacha watu kabisa, likatumia rangi ya mwanga wa kwasa, viini ving'avu vya galaksi za mbali, uliosafiri zaidi ya miaka bilioni 7, kuchagua kwa niaba yao.

Binadamu ni wabovu wa kubahatisha. Ukiwaambia waandike 0 na 1 bila mpangilio, huruka kutoka moja hadi nyingine mara nyingi kuliko sarafu ingefanya, na mchezo ule ulikuwa na programu ya kuwatabiri ili wajirekebishe. Hata hivyo namba zao zilifaa, kwa sababu jaribio halikuwataka watu wasiotabirika, wala watu waliochomoka kwenye fizikia. Liliwataka watu ambao vidole vyao havikuwa na habari na zile chembe.